Aleluya Kuu na fidla mbele yake: namna ya kuandaa tamasha la kwaya na okestra kanisani

Kwaya yenu inaijua Aleluya Kuu ya Handel. Mmeiimba Pasaka, mmeiimba Krismasi, mmeiimba kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti, na mpiga kinanda wenu hahitaji tena karatasi. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Siku okestra ikikaa mbele yenu mtagundua kuwa kwaya ina mwendo wake, ina mahali pake pa kuvuta pumzi, na ina do ambayo mwalimu huitoa kichwani, ilhali wapiga vyombo wana karatasi isiyojua lolote katika hayo. Kila upande utaamini kuwa mwenzake ndiye anayekosea.

Tamasha la kwaya, okestra na waimbaji wa solo linawezekana katika kanisa la kawaida, si lazima liwe kanisa kuu la jiji. Haya ni kwa ajili ya mwalimu wa kwaya na kamati yake, wale watakaoulizwa kila kitu, kuanzia nani atapiga timpani hadi nani kabeba maji ya wageni.

Chagueni mnachokiweza

Nitatumia Messiah, utunzi mrefu wa Handel ambamo Aleluya Kuu imetoka, kama mfano kwa sababu kwaya nyingi zetu tayari zina mguu mmoja ndani yake. Handel aliiandika mwaka 1741 kwa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba, kwa maneno ya Biblia yaliyokusanywa na Charles Jennens. Ilisikika hadharani mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yake yakagawiwa hospitali mbili na kuwalipia madeni wafungwa. Anayewaambia kuwa muziki huu ni wa wenye nacho, mjibuni kuwa ulianza kama harambee.

Kinachotisha watu ni picha za video zenye waimbaji mia tatu na okestra iliyojaa jukwaa. Ukubwa huo ulikuja baadaye, hadi Waingereza wakaimba Handel kwa maelfu ya watu katika jumba la Crystal Palace, London. Hesabu za onyesho la Messiah katika Foundling Hospital ya London mwaka 1754, Handel akiwa bado hai, zinaonyesha wapigaji 38, waimbaji wa kwaya wasiozidi 20 na waimbaji wa solo watano. Yaani kwaya ya parokia yenye watu arobaini tayari ni kubwa kuliko aliyokuwa nayo mtunzi. Na okestra ya Dublin ilikuwa ndogo zaidi: nota alizoliandikia onyesho lile zina fidla, viola, besi, tarumbeta mbili, timpani na kinanda. Obo na fagoti ziliongezwa baadaye, na kwa sehemu kubwa zinarudia tu kinachoimbwa na kwaya au kinachopigwa na besi. Mkizikosa, msilie. Fidla sita, viola mbili, chelo mbili, dabo besi moja, tarumbeta mbili, timpani na mpiga kinanda anayejua kazi yake wanatosha kwa kanisa la watu mia tano.

Msiimbe yote. Messiah nzima inapita saa mbili, na kwaya isiyozoea itakuwa imechoka kabla ya kufika penye utamu. Chukueni sehemu ya kwanza, ile ya unabii na kuzaliwa, kisha mmalizie na Haleluya, yaani ileile Aleluya Kuu. Hiyo ni saa moja na dakika kidogo. Hata humo ndani, pimeni nguvu zenu. Wimbo wa Isaya 40:5 na ule wa Luka 2:14 huingia haraka. Ule wa Malaki 3:3 na ule wa Mathayo 11:30 zina nota nyingi zinazokimbia kwenye silabi moja, na kwaya isiyokuwa na pumzi huzigeuza uji. Ule wa Isaya 9:6 nao unakimbia, lakini huo msiuache, ndio roho ya sehemu ya kwanza. Fundisheni mikimbio hiyo polepole, kwa silabi “da” badala ya maneno, kila nota ikisikika peke yake, na mwendo uongezwe kidogo kila wiki kwa programu ya kuhesabia mapigo iliyoko kwenye simu.

Solfa upande huu, mistari mitano upande ule

Nina neno kali kidogo hapa: matamasha mengi ya aina hii huharibika kwa sababu ya karatasi, wala si kwa sababu ya sauti.

Kwaya zetu zimelelewa na solfa. Mfumo huo ulisambazwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakaja nao, na ukatufaa kwelikweli: mtu asiyewahi kugusa kinanda anaimba sauti nne bila wasiwasi. Messiah yenyewe ilichapwa kwa solfa miaka mingi iliyopita, na nakala zake zilizotolewa fotokopi mara kumi bado zinazunguka makanisani. Mpiga fidla hajui d, r, m. Anasoma nota kwenye mistari mitano, na karatasi yake ina sehemu yake peke yake, haina maneno ya kwaya. Mwongozaji akisimamisha mazoezi na kusema “turudi pale tunapoingia na mtawala wa dunia yote,” waimbaji wote wanajua ni wapi na okestra nzima inatazama dari.

Dawa yake ni penseli. Solfa nayo ina mistari ya wima inayogawa mapigo, sawasawa na karatasi ya okestra. Vyumba hivyo kati ya mstari na mstari ndivyo vipimo. Jioni moja kabla ya mazoezi ya kwanza, kila mwimbaji ahesabu vipimo vya kila wimbo na kuandika namba juu ya kila cha tano: 5, 10, 15, hadi mwisho. Haleluya ina vipimo 94. Mwenye kupata 93 au 95 arudie, kwani ama amekosea hesabu ama nakala yake imeruka mstari, jambo ambalo kwenye solfa za fotokopi si la ajabu. Tangu siku hiyo mwongozaji aseme namba tu, hata kama okestra bado haijafika, ili masikio ya kwaya yazoee.

Toleo nalo litazameni. Nakala za okestra zinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa Handel hana tena haki ya mtunzi ya kudaiwa, lakini wahariri hawahesabu nyimbo kwa namna moja. Haleluya ni namba 44 katika toleo la Novello na namba 39 katika la Bärenreiter. Mkiagiza karatasi za wapigaji kutoka toleo moja huku kwaya ikishika jingine, mtakuta tofauti za namba, na mara nyingine za nota zenyewe. Afadhali mtu mmoja wa kamati, mwenye subira, akae na nakala zote mbili azilinganishe wimbo kwa wimbo.

Kisha kuna suala la do. Haleluya iko katika D, na tarumbeta zimeandikiwa D. Hakuna kuishusha ili wa sauti ya kwanza wapumue. Kwaya nyingi huiimba chini bila kujua, kwa sababu mpiga kinanda amebonyeza kile kitufe cha kuhamisha ufunguo ili apige kila wimbo kwa vidole vilevile alivyozoea. Mazoezi yakianza, kitufe hicho kirudishwe sifuri na kibaki hapo. Wa sauti ya kwanza watalalamika wiki mbili, hasa pale wanapopanda ngazi kwa ngazi kwa nota ndefu, halafu watazoea.

Piano ya kanisa ikiwa imeshuka, usiitumie bila fundi kuigusa. Fidla inaweza kushuka kuifuata, lakini tarumbeta na obo hazina nafasi kubwa ya kushuka, na joto la ukumbi uliojaa huzipandisha zaidi. Kinanda cha umeme kilichowekwa hezi 440, kwa sauti ya ogani ndogo isiyo na mitetemo, ni salama kuliko piano nzuri iliyosahauliwa.

Wapigaji watoke wapi

Nairobi ina nafuu. Kuna Nairobi Orchestra, kuna Kenya Conservatoire of Music, na kuna vijana waliokuzwa na mradi wa Ghetto Classics ulioanzia Korogocho. Tanzania lazima mzunguke kidogo, lakini watu wapo. Tarumbeta zitafuteni kwenye vikundi vya matarumbeta vya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), hasa Kilimanjaro na Arusha, urithi wa wamisionari Wajerumani. Wengine wapo bendi za polisi na jeshi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Usa River, kinafundisha muziki. Zanzibar ina wapiga fidla, chelo na dabo besi ambao taarabu imewalea tangu utotoni, na chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) pale Unguja kinaendelea kuwafundisha wengine. Mpiga fidla wa taarabu ana sikio ambalo wengi wa Ulaya wangelitamani, ila muulizeni mapema kama anasoma nota, na kama hasomi sana mpelekeeni karatasi na rekodi wiki nane kabla, si wiki moja. Kumwita ghafla kisha kumlaumu mbele za watu ni kumkosea adabu.

Kwa tarumbeta na timpani kuna akiba ya fedha ambayo kamati nyingi hazijui. Katika mpango huu wa sehemu ya kwanza na Haleluya, tarumbeta zinapiga nyimbo mbili tu, na timpani moja. Hamna sababu ya kuwalipia nauli na malazi ya wiki nzima. Waje mazoezi ya mwisho, na mazoezi hayo yaanze na nyimbo zao, kisha wapumzike. Kwenye wimbo wa malaika wa Luka 2 Handel aliandika tarumbeta zisikike kama zinatoka mbali. Wawekeni roshani, au kwenye mlango wa sakristia ulioachwa wazi nusu. Haligharimu kitu, na watu watageuza shingo.

Waimbaji wa solo ni wanne: soprano, alto, tena na besi. Msiwatafute wote nje. Pengine alto wenu wa mstari wa pili anaweza solo moja vizuri kuliko mgeni wa kukodi. Kipimo chake ni hiki: asimame madhabahuni bila maikrofoni, mwalimu akae benchi la mwisho, na kila neno lisikike. Wapeni nafasi ya kupasha sauti, ofisi ya mchungaji inatosha, hasa huyo wa tena, kwani ndiye anayefungua kinywa wa kwanza mara okestra inapomaliza utangulizi. Soprano kwa upande wake hukaa zaidi ya nusu saa bila kuimba hadi wachungaji wa Betlehemu watokee. Mwekeeni maji, na msimweke chini ya feni.

Mazoezi ya pamoja

Kwaya ianze miezi mitatu kabla. Okestra ikija, hakikisheni mnapata mazoezi ya pamoja yasiyopungua mawili, na la mwisho lisiwe siku ya tamasha. Waimbaji waliofanya zoezi la jumla saa nne asubuhi huwa wameacha sauti zao humo humo ifikapo jioni.

Mwalimu wa kwaya asidhani kuongoza okestra ni kazi ileile. Wengi wetu huongoza kwa mikono miwili inayofanana, tukichora maneno hewani, na kwaya inatuelewa kwa kuwa inatujua. Mpiga viola ambaye amewaona jana anataka jambo moja: pigo la kwanza liko wapi. Mkono wa kulia upige mapigo kwa mchoro unaoeleweka, chini kwa la kwanza kila mara, na kabla ya kuanza utoe pigo moja tupu, kwa mwendo uleule utakaofuata. Mkono wa kushoto ndio uoneshe kuinua na kushusha. Kwenye zile sehemu ambazo mwimbaji wa solo anasimulia akifuatwa na chelo na kinanda tu, mwongozaji aache kupigapiga hewa. Amfuate mwimbaji.

Kwaya nayo ijifunze kutumia macho. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mwimbaji aliyesimama mita 17 nyuma ya fidla anazisikia zikiwa zimechelewa sehemu ya ishirini ya sekunde, na yeye akiimba kwa kuzisikiliza, sauti yake inarudi mbele ikiwa imechelewa mara mbili. Ndiyo maana kwaya inaonekana inaburuta hata inapojitahidi. Imbeni na kifimbo. Kama nusu ya kwaya inakodolea karatasi, hamjawa tayari.

Jengo, mvua na jirani

Ombeni ruhusa mapema na kwa maandishi. Wakatoliki wakumbuke waraka wa Vatikani wa tarehe 5 Novemba 1987 kuhusu matamasha makanisani: muziki uwe wa dini, kiingilio kiwe bure, na wasanii wasiketi katika eneo la altare. Kwa hiyo kabla ya kuchapa tiketi mwoneni paroko. Kikapu cha hiari mlangoni hakimkosei mtu.

Pimeni nafasi kati ya benchi la kwanza na ngazi. Mpiga fidla na mkono wake wa upinde anahitaji kama mita moja na nusu za mraba pamoja na stendi. Ikibidi kuondoa mabenchi mawili, ondoeni. Kwaya isimame juu zaidi, kwenye ngazi au mabenchi imara ya kupandia, isifichwe na wapigaji. Timpani ziwe pembeni, mbali na wa sauti ya pili.

Fundi mitambo atakuja na spika nne na maikrofoni nane za kwaya. Mshukuruni, mpeni maikrofoni moja ya mshereheshaji, na nyingine zote zirudi stoo. Kanisa la mawe au matofali lenye dari ndefu linabeba sauti lenyewe. Spika zikishaingia, sauti ya fidla inatoka upande mmoja na mpigaji yuko upande mwingine, na mwangwi unameza konsonanti zote. Kanisa tupu huvuma kuliko lililojaa, kwa kuwa miili na nguo hunywa sauti, kwa hiyo msikate tamaa kwenye zoezi la mwisho. Punguzeni mwendo kidogo na kwaya itamke kwa ncha ya ulimi.

Adui wa kweli ni mvua juu ya bati. Kanisa lisilo na dari chini ya mabati haliwezi kushindana na masika, hata kwa tarumbeta kumi. Kama ndilo kanisa lenu, epukeni Machi hadi Mei, hata kama Pasaka inavutia. Feni nazo: zikiwaka karatasi zinaruka, zikizimwa watu wanazimia. Ziacheni polepole na mnunue vibanio vya nguo, viwili kwa kila stendi. Taa ndogo za betri pia, maana umeme hauna ratiba na jenereta chini ya dirisha itaiharibu kila nota ya taratibu.

Penye msikiti jirani, tazameni saa za adhana kabla ya kupanga ratiba. Dar es Salaam mwezi wa Desemba, mkianza saa kumi na moja na nusu jioni, sehemu ya kwanza huisha karibu na magharibi. Hayo yawe mapumziko, kisha Haleluya baadaye. Ni ujirani mwema, na pia hamtaki solo ya alto ishindane na kipaza sauti.

Watu waliokuja kusikiliza

Programu iwe karatasi moja. Kwa kuwa maneno yote ni ya Maandiko, andikeni sura na aya kutoka Biblia ya Kiswahili mbele ya kila wimbo, na hata mtu asiyejua Kiingereza atafuata hadithi. Mshereheshaji aongee dakika mbili mwanzoni, aeleze lini watu wapige makofi, kisha akae. Wapiga video wasisogee mbele ya kwaya.

Karibu na mwisho wa Haleluya kuna kimya cha ghafla kabla ya neno lile la mwisho lililo refu. Mtu ataanza vigelegele hapo, hakosekani. Kwaya isicheke, isiingie mapema, itazame kifimbo. Baada ya nota ya mwisho vigelegele ni halali yao, na anayewanyamazisha akina mama kwa kisingizio cha ustaarabu wa muziki wa Ulaya hajui kwa nini walikuja.

Usiku huohuo, kusanyeni karatasi zote zilizoandikwa penseli mziweke kwenye boksi moja. Mwaka ujao zitawaokolea mwezi wa kazi. Na wapigaji walipwe kabla ya picha na kabla ya chakula, taslimu au kwa simu, kila mmoja mkononi mwake. Kwaya inayolipa kwa wakati hupokelewa simu ikipiga tena.